Kamba Iliyokazwa Mpaka Ikaimba

Kosa langu la kwanza katika kazi ya winchi lilikuwa kuikaza kamba mpaka ikaimba. Sitanii. Upepo wa asubuhi ulipopita korongoni, ile kebo ilitoa sauti nyembamba kama ya mtu anayepuliza mdomo wa chupa, na mimi nikasimama chini yake nikitabasamu kama bwana harusi. Niliona nimefanya kazi safi kuliko wote walionitangulia. Kabla jua halijafika utosini, ndizi za watu zilikuwa zinaelea mtoni, na kijiji kizima kilikuwa kinajadili kama winchi yenyewe iuzwe chuma chakavu.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaopandisha mizigo siku hizi, mlioko kwenye maghorofa ya Mbeya, kwenye viwanda vya chai, kwenye maghala. Mimi nimestaafu. Magoti yangu hayataki tena ngazi, ila macho bado yanapanda. Juzi nilipita kando ya jengo linaloinuka hapa Tukuyu nikamwona kijana anavuta kamba ya roda kwa nguvu zake zote, mzigo ukiwa bado chini haujafungwa vizuri, anataka isibaki hata dalili ya kulegea. Uso wake niliutambua, maana ulikuwa uso wangu wa zamani. Nilitaka kumwita, nikaona aibu, nikarudi nyumbani kuandika.

Kwanza mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa kijana mwenye wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma. Nati niliyokwisha kuikaza naikaza tena, halafu naenda kunywa chai, halafu naiacha chai naenda kuikaza. Jina langu Idi, lakini wenzangu waliniita Spana.

Shule ya ufundi sikusoma. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja Tukuyu mjini. Ukoo wetu ulitoka pwani zamani, ukaja na cherehani na misahafu, ukakuta mvua haikatiki, ukakaa. Mashine nilijifunza kwa kuifungua cherehani ya baba alipokwenda kuswali Ijumaa, na kuifunga kabla hajarudi. Mara nyingine skrubu moja ilibaki mkononi na cherehani ikashona vilevile, jambo lililonikosesha raha wiki nzima. Katika kuichokoa mashine ile nilijifunza kitu kimoja nikakishika kama dini: uzi ukilegea, mshono unafanya mafundo. Kulegea ni uovu. Nilikwenda na imani hiyo mpaka kwenye winchi, kama mtu anayekwenda kutafuna supu.

Sasa winchi yenyewe. Ng'ambo ya korongo, upande wa kuelekea Ikuti, kulikuwa na kijiji chenye migomba mingi kuliko watu, na barabara ilikuwa upande huu wa juu. Mradi wa mbao wa serikali ulikuwa umefungwa, ukaacha nguzo, winchi, injini ya dizeli na waya za kuvukishia magogo. Kebo moja nene ilikuwa imetandazwa kutoka juu hadi chini, haisogei. Juu yake kilitembea kigari chenye magurudumu mawili na ndoano. Kigari kilivutwa na kamba ya pili, ya waya mwembamba, iliyozungushwa kwenye ngoma ya winchi. Kinashuka kitupu kwa uzito wake, kinapanda na mikungu ya ndizi. Hicho ndicho chombo chote.

Ilikuwa enzi za ruksa. Jana tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo sabuni zimepangwa barabarani kwa rangi kama maua, mitumba imetundikwa kwenye nyua za watu, na wafanyabiashara wanakuja na Fuso kununua ndizi za kupeleka Dar es Salaam. Wa kwetu alikuwa Bwana Salum, jirani yetu wa Tukuyu, mtu wa kofia safi na maneno machache. Alikuja kila siku ya soko. Kabla ya winchi, kina mama walibeba mkungu kichwani, wakashuka korongo, wakavuka mto, wakapanda, na walipofika lori lilikuwa limeshaondoka na ndizi za wengine. Winchi ndiyo iliyowafanya na wao wawe na soko. Lakini kulikuwa na mtu wa chuma chakavu, naye alikuwa akipita mara kwa mara akiipapasa ile ngoma kama anayechagua ng'ombe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshasema waziwazi kwamba siku Bwana Salum akiacha kuja, winchi haina kazi, iuzwe.

Aliyeendesha winchi juu alikuwa Mzee Ambakisye, masalia ya mradi wa mbao, mtu mfupi mwenye kofia ya pama. Chini, kwenye kufunga mikungu, alikuwepo Tusekile, mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa amekwenda Dar kutafuta maisha, akamwachia mkewe nafasi yake kwenye ndoano, na ikaonekana mke anafunga kuliko mume. Mkungu uliofungwa na Tusekile haukuchubuka hata kidogo. Mimi niliajiriwa na kijiji kutunza injini na waya, kwa ujira ambao mara nyingi ulikuwa ndizi.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sikulipima. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akimsikia anakuja njiani, mke anaingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Hamwiti jina wala hamwambii neno, na mzee naye hivyo hivyo. Si chuki hata kidogo, ni heshima, tena ya juu. Mimi nilizaliwa mjini humo humo, mila hiyo niliijua kama mtu anavyojua bei ya kitu asichonunua. Niliona watu wawili wanafanya kazi pamoja vizuri ajabu, mmoja juu, mmoja chini, ukungu katikati, wala sikujiuliza wanaambianaje.

Nilichokiona ni hiki. Kigari kikiwa chini kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ili kisisogee, Mzee Ambakisye aliiachia kamba ya kuvutia ilegee, ikafanya tumbo kubwa juu ya korongo, hadi nikawa nawashwa mwili mzima. Kisha alivua katambuga moja akaweka wayo wake juu ya kamba, pale ilipopita kwenye gogo la kuteleza lililolazwa ukingoni, akatulia akitazama mbali. Baadaye kidogo aliondoa mguu, akavaa, akavuta. Nilidhani ana fangasi.

Kwa hiyo siku moja ya soko niliamua kumpa mzee zawadi. Niliwahi alfajiri kabla hajafika. Nikaikaza kebo nene kwa skrubu ya kukazia, nikaongeza bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi, mpaka ikaanza kuimba. Kisha nikaiendea kamba ya kuvutia. Kigari kilikuwa chini kwenye mnyororo wake, nikaizungusha ngoma mpaka lile tumbo likapotea kabisa, ikanyooka kama rula. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mshtuko unatokana na kulegea, basi nikiondoa kulegea kote, mzigo utaondoka kama hariri. Sehemu ya hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo maana ilikuwa hatari.

Mzee Ambakisye alikuja, akasikia kebo inaimba, akaitazama kwanza yenyewe, kisha mimi. Akavua katambuga, akaweka wayo. Akasubiri. Akabadilisha mguu. Lori la Bwana Salum lilikuwa limeshafika, watu wanachungulia korongoni, ukungu mtupu.

"Kamba imekuwa bubu," alisema.

Nikamwambia imekuwa imara. Akaniuliza kama inasema. Nikamwambia, mzee, kamba haisemi. Basi, kwa wasiwasi wangu wa kuona lori linangoja, nikashauri kwamba kama anataka kujua mzigo uko tayari, si amwite mkwewe kwa sauti, korongo lenyewe si pana. Mzee alinitazama kama niliyemwomba avue nguo sokoni. Watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama migomba.

Sasa nawaeleza nilichokuja kukijua baadaye. Lile tumbo la kamba ndilo lililokuwa mdomo wao. Tusekile akimaliza kufunga, alilishika tumbo la kamba upande wa chini akalitikisa, na mtikiso ulipanda hadi kwenye wayo wa baba mkwe wake. Mtikiso mmoja, bado. Miwili, vuta. Mfululizo, simama hapo hapo. Walikuwa wamefanya kazi hivyo muda mrefu bila neno wala uso. Mimi nimeukaza mdomo. Yeye chini anatikisa, kamba haitikisiki, imekuwa chuma cha dirisha. Na kuna baya zaidi: kamba iliyokazwa ilikuwa inakivuta kigari, kigari kinauvuta mnyororo, na ndoano ya mnyororo uliovutwa hivyo haifunguki kwa mkono wa binadamu. Hawezi kusema, hawezi kufungua.

Nikavuta mimi. Nilisukuma mtaimbo wa winchi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa lori lilikuwa linangoja. Injini ikaguna, ikatoa moshi, kisha tukasikia mlio kama wa bunduki. Mnyororo ulikuwa umekatika. Kigari kikaruka, na mikungu iliyofungwa nusu ikachomoka mmoja mmoja, ikaingia kwenye ukungu, na baada ya kimya kidogo ikasikika mtoni. Mzee Ambakisye hakuweza kuita, na ndiye aliyetaka kuita kuliko sisi sote. Nakumbuka mdomo wake ulifunguka ukafungwa. Mimi nikakimbia chini.

Nilimkuta Tusekile ameketi juu ya jiwe, mbali na nguzo, anamenya ndizi mbivu. Alijifunza kwa mumewe kwamba mtu hasimami karibu na waya uliovutika. Nikashusha pumzi nikataka kuomba radhi, akaniwahi.

"Shemeji," akaniambia, kwa kuwa alikuwa akiniita hivyo kwa heshima ya mumewe, "kamba yako nzuri. Inafaa kuanikia nguo."

Akanipa nusu ya ndizi. Kisha akaniambia niende nikamwambie "mwenye kofia" kwamba yuko mzima. Nikapanda. Mzee akasikia, akaitika kwa kichwa, akageuka kuishughulikia injini ambayo haikuhitaji kushughulikiwa.

Kamba ya kuvutia tuliilegeza papo hapo. Lakini kebo nene nilikuwa nimeikaza kwa bomba, na skrubu ikauma, ikakataa kurudi. Ikabaki inaimba na kutetemesha kila kitu, na wayo wa mzee haukuweza kutofautisha mkono wa Tusekile na upepo. Basi siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa kamba. Nilishuka kuuliza kama mzigo uko tayari, nikapanda kusema uko tayari, nikashuka kusema umefika. Watoto wa kijiji cha chini waliokuwa wanaokota ndizi mtoni walianza kunishangilia kila nilipopita, na walisema mkungu ulioanguka kutoka mbinguni ni mtamu kuliko wa shambani. Kufikia jioni nilikuwa natembea kinyumenyume kwenye mteremko ili kupumzisha mapaja.

Lori liliondoka limejaa nusu tu. Bwana Salum hakukasirika, jambo lililoniumiza zaidi. Nilianza kumweleza kuhusu kebo, jinsi ilivyonyooka. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, mimi sinunui kamba. Nanunua ndizi," alisema. Halafu akamgeukia mwenyekiti. "Siku ya soko ijayo nikiondoka hivi, msinitafute. Kule Kyimo ndizi zinanisubiri kando ya lami."

Mtu wa chuma chakavu alikuwepo. Alikuwa amekuja kununua ndizi za kupika, kwa maelezo yake.

Mngedhani nilipata akili hapo. La. Nilikwenda upande wa pili wa ujinga. Skrubu tuliilowesha mafuta ya taa mpaka ikakubali, kebo ikanyamaza, na siku ya kujaribu, mimi, kwa kuogopa kukaza, nikailegeza kamba ya kuvutia kila mahali, mpaka kwenye ngoma. Kamba iliyolegea kwenye ngoma haikai safu kwa safu. Inapandana, mzunguko wa juu unajipenyeza chini ya wenzake, na mzigo ukija unang'atwa pale. Kigari kikafika katikati ya korongo kikasimama kinaning'inia, kinacheka. Ilibidi tulegeze na kuzungusha upya kwa mikono, Mzee Ambakisye akihesabu mizunguko kwa Kinyakyusa na mimi nikihesabu dhambi zangu kwa Kiswahili. Tulipomaliza nikamwambia naacha kazi. Akasema niache kesho, leo nishike upande ule.

Nikateremka Tukuyu kwa baba. Nilimkuta barazani anashona sare ya shule, mvua inapiga bati. Nilikaa kwenye kigoda nikamwaga yote, kuanzia kuimba kwa kebo mpaka kigari kuning'inia. Nilimwambia kwamba nikikaza ni makosa, nikilegeza ni makosa, na kwamba labda mikono yangu ina nuksi. Baba hakuacha kushona. Alipofika mwisho wa pindo akainua kichwa, akanionyesha kwa kidole ile pini ndefu iliyoko mbele ya cherehani, inayopanda na kushuka na uzi.

"Kazi ya hii nini?"

Nikasema inavuta uzi.

"Inavuta. Halafu?"

"Inaachia."

"Basi ikose kuachia uone kama sindano itazama kwenye kitambaa." Akazungusha gurudumu taratibu ili niione: ikapanda, ikashuka. "Umeifungua mashine hii kila Ijumaa tangu una meno ya utoto. Hukuiona?"

Sikujua niaibike kwa lipi, kwa kutoiona ile pini au kwa kugundua kwamba alikuwa akijua siku zote. Akaniambia pia kwamba ile skrubu iliyobaki alikuwa nayo kwenye mtoto wa meza, niichukue nikitaka. Nikaicheka mpaka machozi yakanitoka, na ndani ya kicheko hicho nikaona debe.

Sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kati ya ngoma ya winchi na gogo la kuteleza, niliiacha kamba ishuke kidogo. Juu ya mshuko huo nikapandisha kapi, na chini ya kapi nikaning'iniza debe la mafuta ya kula lililojazwa mawe. Kamba ikilegea upande wa korongo, debe linashuka na kuumeza ulegevu. Ikivutwa, debe linapanda na kuurudisha. Ngoma inabaki imebanwa muda wote kwa uzito wa mawe, mizunguko inakaa safu kwa safu kama vitabu, lakini kule nje tumbo la kamba lipo na linapumua. Mzigo ukianza kuinuka, debe linapanda hadi kwenye kijiti nilichokiweka kama kizuizi, na likigusa pale unajua kamba imebeba. Hapo ndipo unaongeza mafuta, si kabla. Ulegevu haufukuzwi, vijana. Unatafutiwa mahali pa kukaa.

Mzee Ambakisye alilizunguka debe langu mara kadhaa. Akatoa jiwe moja, akalipima mkononi, akalitupa. Debe lilikuwa zito kidogo tu kuliko inavyotakiwa, na sijui alijuaje.

Siku ya soko ikafika na mvua yake. Sio mvua ya kunyesha, ile yetu ya kuning'inia hewani. Bwana Salum aliegesha lori akabaki ndani, mlango wazi, mguu mmoja nje. Mwenyekiti alikuwepo. Wa chuma chakavu alikuwepo, safari hii na mzani wake. Tukashusha kigari kwenye ukungu, tukasikia kimegota chini. Mzee akaachia tumbo. Debe likashuka, likatulia. Sote tukalitazama. Sijawahi kuona wazee wenye heshima zao wanalitazama debe namna ile.

Halikusogea. Nilihisi mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye mtaimbo. Mzee, bila kunitazama, akauweka wake juu ya wangu.

Debe likaruka mara moja.

"Bado," akasema mzee.

Mwenyekiti akauliza bado nini. Mvua ikaendelea kuning'inia. Kisha debe likaruka, likaruka tena, mawe yakagonga bati ngo, ngo, na watu wakacheka kwa pamoja kama waliokuwa wamebana pumzi. Tukavuta. Debe likapanda likagusa kizuizi, mzee akaongeza mafuta, na kigari kikatokea kwenye ukungu na mikungu yake ikiwa imening'inia sawasawa, haikugongana, kijani kibichi, inachuruzika maji. Bwana Salum akatoa mguu wa pili.

Kazi ilikwenda hivyo mpaka lori likajaa na mikungu mingine ikafungwa juu ya kichwa cha lori. Wapakiaji walianza kuitikia debe. Likiruka moja, wote: bado. Likiruka mawili, wote: vuta. Wa chuma chakavu alijisahau akawa naye anaitikia, halafu akaombwa mzani wake upimie mikungu, akaukodisha. Bwana Salum alipofunga turubali alimwuliza mwenyekiti kama hilo debe linalipwa mshahara au ndizi.

Tulidhani tumemaliza. Mzigo wa mwisho ulishapanda, kigari kikashushwa kitupu kulazwa chini kama kawaida. Mzee alikuwa ananyoosha mkono kuzima injini. Debe likaanza kucheza. Si moja, si mawili, wala si mfululizo wa kusimamisha. Lilikuwa linacheza, lina mwendo kama wa ngoma, linakawia, linarukaruka, linakawia. Hakuna alama ya namna hiyo. Wapakiaji walifungua midomo kuitikia wakakosa neno.

Mzee Ambakisye alivua kofia. Alisogea hadi kwenye gogo, akaishika kamba kwa mkono mzima, akaivuta mara moja, polepole sana, kama mtu anayepokea mkono wa mgeni. "Ndaga fijo," akasema chini chini, kwa kamba, ndiyo asante sana ya Kinyakyusa. Debe likatulia.

Nikamuuliza amesema nini yule wa chini.

"Hilo halikuwa lako, mtoto wa cherehani," akasema, akavaa kofia, akanigombeza kwa nini injini bado inakula dizeli.

Baada ya hapo nimefanya kazi kwenye winchi nyingi, ndani na nje ya Rungwe, na kila mahali nilionekana mjuzi kwa mambo niliyoyapata pale. Nawapa machache. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya waya uliosimama. Kikinasa, kuna uzi wa chuma umekatika, na kitambaa ni rahisi kuliko kiganja. Kamba uliyoipima asubuhi ya baridi imebana, mchana wa jua italegea yenyewe, basi usigombane nayo mara mbili kwa siku. Usiimalize kamba yote kwenye ngoma, bakiza mizunguko. Umeze ulegevu taratibu kabla ya mzigo kuondoka, kama unavyokunywa uji wa moto. Na wayo wa Mzee Ambakisye msiuige. Yule alikuwa na wayo wake.

Niliwahi kufika sehemu moja yenye winchi mpya ya kubonyeza kitufe, ina chombo cha kupima mvuto na taa nyekundu. Mhandisi kijana, mtu mzuri, akanieleza jinsi kinavyofanya kazi, ndani kuna kapi linalosogea na springi. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Nilimwambia hilo ni debe. Akacheka, akaniuliza debe gani, tukakaa mpaka chai ya saa nne ikapoa.

Siku hizi korongo lile lina daraja. Malori yanaingia mpaka migombani, na kamba ilishushwa kwa heshima, haikuuzwa kwa hofu. Debe ninalo uani, kuku wananywea maji. Tusekile ana wakamwana wake sasa, na wanaongea naye kwa simu kutwa nzima. Mimi bado nikifunga mlango narudi kuusukuma, hilo halikupona. Lililobadilika ni hili: zamani nikiona kamba imelegea nilikuwa nakimbilia spana. Sasa nauliza kwanza ni nani yuko upande wa pili.